Kasi Si Ufahamu: Kupinga Mafunzo ya Usomaji wa Kasi katika Idara za Fasihi

Makala haya yamechochewa na pendekezo ambalo limekuwa likijitokeza katika vikao vya idara kwa miaka kadhaa sasa, na ambalo kila linaporejea hurejea na watetezi zaidi. Pendekezo lenyewe ni kwamba wanafunzi wa uzamili na uzamifu katika fasihi wapewe mafunzo ya usomaji wa kasi, tena kwa lazima, kabla ya kuanza utafiti wao. Hoja inayotolewa ni nyepesi kueleweka: orodha za vitabu ni ndefu, muda ni mfupi, na mwanafunzi anayesoma riwaya moja kwa majuma mawili hawezi kuhitimu kwa wakati uliowekwa. Tumewasikia wenzetu, baadhi yao wakiwa wahakiki tunaowaheshimu, wakiunga mkono rai hii bila kuuliza mafunzo hayo yametoka wapi, yalibuniwa kumhudumia nani, na yanapima nini hasa. Tunanuia kuyauliza maswali hayo hapa. Msimamo wetu tuutaje mapema: usomaji wa kasi una nafasi yake afisini na gazetini, lakini kuuingiza katika idara ya fasihi ni kumfundisha mwanafunzi kutosoma, kisha kumtunukia cheti kwa kutosoma huko.

Tuanze na kisa. Wakati mmoja mwandishi wa makala haya alialikwa kuhudhuria warsha ya siku moja ya usomaji wa kasi iliyoandaliwa kwa ajili ya wahadhiri. Alifika akiwa amechelewa. Matatu zina ratiba zao. Alipoingia, washiriki walikuwa wamekwisha kusoma kifungu cha kurasa nne huku wakipimiwa muda, na karatasi za maswali zilikuwa zikigawanywa. Yalikuwa maswali 10 ya kuchagua jibu. Kwa kuona haya kukiri kwamba hakuwa amesoma chochote, aliyajaza. Kifungu kilihusu kilimo cha kahawa, naye ni mwana wa mkulima wa kahawa. Alipata 7. Mwezeshaji alimpongeza mbele ya wote, akamwuliza ametumia dakika ngapi kusoma. Alijibu kwa ukweli kwamba hakutumia hata moja. Ukumbi ulicheka, na jibu hilo likachukuliwa kuwa majigambo.

Tulipoanza kulichunguza suala hili tuligundua kwamba yaliyotupata kwa bahati yalikwisha kufanywa kwa makusudi na watafiti. Mwaka 1965 William Liddle, katika tasnifu yake ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Delaware, aliwalinganisha wahitimu wa kozi iliyovuma zaidi ya kusoma kasi nchini Marekani na wasomaji ambao hawakuwa wamepata mafunzo hayo. Katika matini za maelezo wahitimu walionekana hawakuachwa mbali. Ronald Carver, mtaalamu wa upimaji wa usomaji, aliyatilia shaka matokeo hayo. Maswali yale yale wakapewa watu ambao hawakuwa wamezitia machoni matini zenyewe, nao wakapata alama ambazo hazikupishana sana na za waliosoma kasi. Yaani sehemu kubwa ya kilichopimwa ni ujuzi ambao msomaji alikuja nao kutoka nyumbani. Lakini linalotuhusu zaidi ni upande wa pili wa utafiti wa Liddle, ambao watetezi wa kozi hizi hawautaji: katika matini za kubuni, pale ambapo ni vigumu kukisia kwa kutegemea ujuzi wa jumla, ufahamu wa waliosoma kasi ulikuwa chini kwa kiasi cha kutiliwa maanani. Fasihi ndiyo iliyowaumbua.

Chimbuko la Mafunzo

Historia ya usomaji wa kasi haikuanzia katika fasihi. Ilianzia katika maabara ya macho. Mwishoni mwa miaka ya 1870, katika maabara ya daktari wa macho Louis Émile Javal huko Paris, ilibainika kwamba jicho linaposoma halitelezi juu ya mstari kama ngalawa kwenye maji matulivu; huruka, hutua, kisha huruka tena. Raymond Dodge aliuendeleza uchunguzi huo nchini Marekani, akaonyesha kwamba msomaji haoni lolote la maana wakati jicho linaporuka, huona linapotua. Edmund Huey, aliyethubutu kubandika kikombe chembamba cha plasta juu ya jicho ili kijiti kilichounganishwa nacho kichore mienendo yake, aliyakusanya maarifa haya katika kitabu cha mwaka 1908 ambacho hadi leo kinatajwa. Huey aliijadili kwa kirefu sauti ya ndani, yaani ile sauti ambayo msomaji kimya huisikia akilini mwake, na hakuiona kuwa ugonjwa wa kutibiwa. Tunalisisitiza hili kwa sababu watetezi wa kasi hupenda kujitafutia nasaba katika sayansi hii, ilhali sayansi yenyewe haikuwaahidi walichokuja kukiuza.

Kilichoyageuza mambo ni mazingira ya Marekani ya mwanzoni mwa karne ya ishirini. Frederick Winslow Taylor alikuwa amewafundisha wenye viwanda kumpima mfanyakazi kwa saa, na fikra za kitabu chake cha mwaka 1911 kuhusu usimamizi wa kisayansi ziliwafikia hata wasimamizi wa shule. Katikati ya muongo huo Frederick J. Kelly wa Kansas alitunga mtihani wa usomaji wa kimya wa dakika 5, wenye maswali ambayo kila moja lilikuwa na jibu moja tu lisiloweza kubishaniwa. Huhesabiwa miongoni mwa mitihani ya kwanza ya kuchagua jibu. Hivyo basi, maswali ya kuchagua na upimaji wa kasi ya usomaji ni ndugu wa tumbo moja. Usomaji uliopimika ulikuwa ule usio na ubishi, na pasipo na ubishi mhakiki hana kazi.

Kisha ikaja vita. Palikuwa na kifaa kiitwacho takistoskopu, kilichobuniwa na A. W. Volkmann huko Ujerumani mwaka 1859, ambacho kazi yake ni kumwonyesha mtu picha au neno kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili Samuel Renshaw wa Chuo Kikuu cha Ohio State alikitumia kuwafunza wanamaji wa Marekani kutambua ndege kwa mtupo mmoja wa jicho. Hatuna ugomvi na Renshaw. Mwanamaji anahitaji kujua kama ndege inayomjia ni ya adui kabla haijadondosha bomu. Jibu analolitaka ni ndiyo au siyo, na akichelewa kulipata hatalihitaji tena. Ugomvi wetu ni na waliodhani kwamba sentensi ya riwaya ni ndege ya adui. Maana baada ya vita takistoskopu iliingizwa katika madarasa ya kusoma, ikifuatana na mashine zilizoteremsha kizuizi juu ya ukurasa ili msomaji asiweze kurudi nyuma.

Aliyeyatoa mafunzo haya kwenye mashine na kuyatia mkononi ni Evelyn Wood, mwalimu na mshauri wa wanafunzi katika jimbo la Utah. Kwa masimulizi yake mwenyewe, mwamko wake ulitokana na kumwona profesa wake, C. Lowell Lees, akiisoma kazi yake ya kurasa 80 kwa muda usiofika dakika 10. (Wanafunzi wetu wanaosubiri sura moja irejeshwe na msimamizi kwa muhula mzima watamwonea wivu.) Mwaka 1959 yeye na mumewe walianzisha mjini Washington kozi ya Reading Dynamics. Mwanafunzi alifundishwa kuuteremsha mkono juu ya ukurasa na kuyafuata macho yake nyuma ya mkono huo, kuchukua mafungu ya maneno badala ya neno mojamoja, kuinyamazisha sauti ya ndani, na kutorudi nyuma. Aliahidiwa kuongeza kasi yake mara tatu au kurudishiwa karo. Kozi ilienea kwa kishindo. Rais Nixon aliwapeleka wafanyakazi wake wakaisome, Rais Carter akaisoma Ikulu pamoja na bintiye, na mwaka 1967 Encyclopaedia Britannica ikainunua kampuni.

Jina linalotajwa zaidi na watetezi, hata katika vikao vyetu, ni la John F. Kennedy, ambaye inasemekana alisoma maneno 1200 kwa dakika. Ni vyema wajue idadi hiyo ilivyopatikana. Hugh Sidey, mwanahabari aliyeieneza mwaka 1961, alikuja kueleza kwamba haikutokana na kipimo chochote. Ilikisiwa katika mazungumzo baina yake na Rais, makisio ya kwanza yakionekana madogo mno, hadi wakapata tarakimu iliyompendeza mhusika. Ushahidi mkuu wa usomaji wa kasi, kwa hiyo, ni kipande cha bunilizi, na tunashangaa kwamba wahakiki wa bunilizi hawakukitambua.

Hesabu yenyewe si ngumu. Jicho hutua kwa muda wa takriban robo ya sekunde, kwa hiyo dakika moja ina vituo 240 hivi. Kufikia maneno 1200 ni kutambua maneno 5 kamili katika kila kituo. Lakini sehemu ya jicho inayoona kwa ukali ni ndogo sana, na msomaji wa Kiingereza hupata taarifa ya manufaa kutoka herufi zipatazo 15 tu upande wa kulia wa mahali jicho lilipotua, za mwisho zikiwa ukungu mtupu. Marc Brysbaert, aliyeyakusanya matokeo ya tafiti nyingi mwaka 2019, alipata wastani wa maneno 238 kwa dakika kwa matini za maelezo na 260 kwa bunilizi, kwa watu wazima wasomao Kiingereza kimya. Waliodai kusoma maelfu ya maneno walipochunguzwa na Marcel Just, Patricia Carpenter na Michael Masson, macho yao yalionekana kuruka sehemu kubwa za ukurasa. Walichokipata katika matini rahisi ni kiini cha jumla. Maelezo ya ndani yaliwapita, na matini ilipokuwa ngumu hawakumzidi mtu aliyepekua tu bila mafunzo.

Teknolojia haikulibadilisha hili. Programu za simu zilizotangazwa kwa vishindo mwaka 2014 humwonyesha msomaji neno mojamoja mahali pamoja, ili jicho lisilazimike kuruka wala kurudi. Mwaka huo huo Elizabeth Schotter, Randy Tran na Keith Rayner walichapisha jaribio ambamo wasomaji walizuiwa kuyaona tena maneno waliyokwisha kuyapita; ufahamu ulipungua. Makala ya Rayner na wenzake ya mwaka 2016, ambayo ndiyo tathmini pana zaidi tuliyoisoma, yanahitimisha kwamba kasi na usahihi hununuliana: ukiongeza kimoja unalipa kwa kingine. Wanaongeza jambo ambalo idara ya lugha ingelifurahia: msomaji huwa mwepesi kadiri umilisi wake wa lugha unavyokua, yaani kadiri anavyosoma sana. Hakuna njia ya mkato iliyopatikana tangu siku za Javal.

Kipimo Kisichopima Kiswahili

Hadi hapa tumejadili Kiingereza, kwa kuwa ndicho kilichoyalea mafunzo haya. Tuhamie nyumbani, ambako tatizo ni kubwa zaidi na halijatajwa katika kikao chochote tulichohudhuria.

Kipimo cha mafunzo ni idadi ya maneno kwa dakika. Chukua basi neno "hawajaturudishia". Kwa kipimo hiki hilo ni neno 1. Mwingereza akitaka kulisema atahitaji maneno yapatayo 7. Ndani yake mna ukanushi, nafsi ya watendaji, tendo lisilotimia, nafsi ya watendewa, mzizi, kauli ya kutendesha na kauli ya kutendea. Ukimwamrisha mwanafunzi afikie maneno 600 kwa dakika katika riwaya ya Kiswahili, umemtaka afanye jambo ambalo wewe mwenyewe hujui ukubwa wake, maana kipimo ulichokishika kilikatwa kwa nguo ya mtu mwingine. Isitoshe, mbinu ya kulitambua neno kwa umbo lake la jumla, ambayo ndiyo roho ya kozi hizi, haina pa kushika katika lugha ambamo maana hukaa katika silabi na hata katika herufi. Baina ya "aliposoma" na "asiposoma" pana herufi moja tu, na herufi hiyo ndiyo inayotenganisha lililotendeka na lisilotendeka. Baina ya "alimpigia" na "alipigiwa" mtenda amegeuka mtendewa. Na mtu "aliyempenda" ni yupi: ni yule aliyependa au ni yule aliyependwa? Sarufi inaruhusu yote mawili. Muktadha ndio unaoamua, na mara nyingi muktadha huja baada ya kirai chenyewe, kwa hiyo jicho halina budi kurudi. Mtunzi stadi anaweza kuujenga usaliti mzima wa riwaya juu ya utata huo. Kozi inayomfundisha mwanafunzi kwamba kurudi nyuma ni kasoro inamfundisha kutousoma usaliti huo.

Neno kusoma lenyewe linastahili kutazamwa. Katika mwambao wetu watu husoma maulidi na husoma Kurani, na katika matumizi hayo kusoma ni kutoa sauti. Tenzi zilizohifadhiwa kwa hati za Kiarabu hazingeweza kusomwa vinginevyo, kwani hati hizo katika umbo lake la zamani hazikupambanua e na i, wala o na u, na herufi moja iliweza kusimamia sauti kadhaa za Kiswahili. Msomaji aliyafikia maneno kwa kuyatamka, kuyapima kwa mizani na kwa vina, na kuyarekebisha pale ambapo kina kilikataa. Mizani na vina vilikuwa pambo la utenzi na wakati huo huo vilikuwa chombo cha kuusomea. Sasa tunaambiwa kwamba sauti ya ndani ni mzigo uliobaki kutoka shule ya msingi, na kwamba msomaji aliyekomaa huutua. Auutue wapi? Mwanafunzi anayelisoma shairi la mizani 16 bila kuzisikia 8 za ukwapi zikitulia kabla ya 8 za utao hajalisoma shairi hilo. Ameiona picha yake.

Watakaosema kwamba tunaipinga kasi kwa sababu utamaduni wetu haujui kasi wawaulize walimu wa tajwidi. Huko daraja za kasi zimeainishwa kwa karne nyingi: kuna hadri, ambao ni usomaji wa haraka, kuna tadwiri ya wastani, na kuna tahkiki, usomaji wa taratibu mno utumikao hasa katika kufundishia. Hata anayesoma kwa hadri haruhusiwi kuangusha herufi wala kupunguza urefu uliowekwa. Kasi yake ina mpaka, na mpaka huo unalindwa na sauti. Nayo tahkiki maana yake ni kuipa kila herufi haki yake. Ni neno lile lile ambalo sisi tumelichukua, tukalitia irabu moja, tukaita kazi yetu tahakiki.

Nathari haiko salama zaidi. Katama Mkangi aliiita riwaya yake ya mwaka 1995 Walenisi. Jicho la haraka huliona jina hilo kama la nchi ya kigeni na kuendelea na safari yake. Sikio, likipewa nafasi, husikia "wale ni sisi", na hapo riwaya nzima hubadilika kabla hata ukurasa wa kwanza haujafunuliwa. Tumewahi kusoma mapendekezo ya utafiti kuhusu riwaya hiyo ambayo waandishi wake, kwa dalili zote, hawakuwahi kulitamka jina la kitabu walichokuwa wakikihakiki. Nagona ya Euphrase Kezilahabi (1990) ni kitabu chembamba kiasi kwamba mhitimu wa kozi ya kasi angekimaliza kabla chai haijapoa. Angekuwa amemaliza nini? Na "Mamba", katika Sauti ya Dhiki (1973) ya Abdilatif Abdalla, mkusanyiko alioutunga gerezani kati ya 1969 na 1972, huweza kusomwa kwa dakika moja likabaki kuwa shairi la mnyama wa mtoni. Usomaji wa namna hiyo ndio ambao askari jela angetamani msomaji aufanye.

Hoja hii si mpya katika nadharia, na inashangaza kwamba inahitaji kurudiwa mbele ya watu wanaofundisha Urasimi wa Kirusi kila mwaka. Viktor Shklovsky alishikilia mwaka 1917 kwamba sanaa hukifanya kitu kuwa kigeni na kukawiza utambuzi wake, kwa kuwa kukawia huko ndiko kunakotafutwa. Huko Marekani kwenyewe, katika miaka ile ile ambapo Wood alikuwa akijiandaa kuifungua kozi yake, Reuben Brower alikuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Harvard somo ambalo msingi wake ni kusoma polepole, mwanafunzi akibanwa aeleze ni neno gani katika matini lililomfanya aseme alichosema. Miongoni mwa wasaidizi wake alikuwemo Paul de Man. Kozi ya Wood iliuzwa kwa wenye afisi. Somo la Brower lilizaa wahakiki. Idara zetu zinapochagua baina ya nasaba hizo mbili hazina udhuru wa kujifanya hazijui zinachagua nini.

Uhaba Uliovishwa Joho

Watetezi watatujibu kwamba haya yote ni anasa. Watasema: mwanafunzi wa uzamili ni mwalimu wa shule anayesafiri kila Ijumaa jioni kuja chuoni, ana watoto, ana karo yao na karo yake, nyinyi mwampa orodha ya vitabu 40 kisha mwamwambia asome kama mtawa. Tunaikubali nguvu ya hoja hii kuliko wanavyodhani. Ila tunakataa inakoelekea. Ikiwa mwanafunzi hawezi kusoma vitabu 40, kosa ni la aliyeviorodhesha, na kalamu iliyoviandika inaweza kuvifuta.

Na tuseme wazi jambo ambalo kila mmoja wetu analijua. Haraka ya wanafunzi wetu haikutokana na wingi wa vitabu bali na uchache wake. Tunaijua maktaba ya chuo kimoja ambayo ina nakala 3 za riwaya inayosomwa na wanafunzi zaidi ya 50; nakala hizo hutolewa kwa saa mbili mbili, zisitoke nje ya chumba. Mwanafunzi aliyepewa saa mbili na riwaya ya kurasa 300 hana budi kuuteremsha mkono wake juu ya ukurasa kama alivyofundisha Wood, hata kama hajawahi kumsikia. Mafunzo ya usomaji wa kasi yanauchukua uhaba huu, yanauvisha joho, na kuuita stadi. Msimamizi wa fedha atafurahi sana kusikia kwamba tatizo la vitabu limetatuliwa kwa kuwazoeza wanafunzi macho.

Tena wanafunzi hawa hawaji kwetu wakiwa kurasa tupu. Wametoka katika shule za upili ambako vitabu teule vya fasihi vimezingirwa na miongozo: muhtasari wa kila sura, orodha ya maudhui, orodha ya sifa za wahusika, maswali na majibu. Wengi wamefaulu mtihani wa kidato cha nne bila kukimaliza kitabu chenyewe, na siku hizi hata mwongozo umeanza kuonekana mrefu, kwa kuwa kompyuta hutoa muhtasari wa chochote kwa sekunde chache. Kazi ya idara ya fasihi ilikuwa kuwaondolea mazoea hayo. Pendekezo lililo mbele yetu linayapandisha hadhi, lifanye la uzamifu lile ambalo mwalimu wa kidato cha pili angelikemea.

Hatusemi kwamba mtafiti asijue kupekua. Anayetafuta makala moja katika majalada ya miaka 20, au anayetaka kujua kama kitabu kina sura inayomhusu, apekue kwa kasi yote aliyojaliwa. Francis Robinson aliyaweka mambo hayo vizuri mwaka 1946 alipopendekeza kwamba mwanafunzi aikague sura kwanza, ajiulize maswali, ndipo aisome, kisha ajikaririe na kupitia upya. Kukagua huko kulikuwa mlango wa kuingilia usomaji. Haya hufundishwa tayari katika Stadi za Mawasiliano mwaka wa kwanza, na yanatosha.

Badala ya warsha ya kasi tungependelea orodha ipunguzwe kwa nusu, na fedha ambazo zingemlipa mwezeshaji zinunue nakala. Tungependelea pia kila semina ya uzamili iwe na matini moja inayosomwa kwa sauti muhula mzima. Tumelijaribu hili na kundi dogo la wanafunzi, kwa Nagona. Katika juma la kwanza tulisoma kurasa tatu, na mwanafunzi mmoja, mwalimu wa miaka mingi, alilalamika kwamba kwa mwendo huo hatungemaliza. Katika juma la nne ndiye aliyetusimamisha kwenye sentensi ambayo sote tulikuwa tumeipita, akatuonyesha kwamba tulikuwa tumemkosea msemaji wake tangu mwanzo. Ilitubidi turudi nyuma kurasa nane. Muhula uliisha kabla ya kitabu, na wanafunzi wanne kati ya sita walikimaliza wenyewe wakati wa likizo, pasipo kuamriwa.

Pendekezo litarejea katika kikao kijacho, kama kawaida yake. Litakaporejea tunaomba waliolileta waje na kitu kimoja zaidi ya takwimu za kasi: waje na riwaya yoyote ya Kiswahili waliyoisoma kwa maneno 600 kwa dakika, watueleze mbele ya wanafunzi ni nani aliyempenda nani.